Topinamburi kwa kilo: nunua Fuseau, zenye vinundu ziache

Kuanzia Oktoba hadi Machi, kwenye meza za wauza mboga Ufaransa na Ujerumani utakuta rundo la viazi vidogo vilivyojikunja kama tangawizi, na bei yake iko juu ya viazi mviringo. Hiyo ndiyo topinamburi. Mmea wake ni ndugu wa alizeti, asili yake Amerika Kaskazini: shina lenye kukwaruza, kimo cha mita 2 hadi 3, maua ya njano yenye upana wa sentimita 5 hadi 8 hivi. Jina la Kifaransa limetokana na Watupinambá wa Brazil waliopelekwa Ufaransa mwaka 1613, ingawa mmea haukutoka kwao. Wauzaji huinadi kama "kiazi mviringo kisicho na wanga". Wanga kweli hakina; hayo mengine ndiyo yanayomponza mnunuzi.

Mahali pa wanga kimejaa inulini, aina ya nyuzinyuzi, na karibu kila utamu na kila kero ya topinamburi inaanzia hapo.

Kwanza uchaguzi. Aina iitwayo Fuseau ni ndefu, nyembamba, laini kama karoti iliyochongoka pande zote mbili. Unaisugua kwa brashi chini ya bomba na umemaliza. Aina ya kawaida ina vinundu vinavyoficha udongo na mchanga, na ukiimenya unatupa sehemu kubwa ya ulichokilipia. Bonyeza kabla ya kununua: kinachobonyea kimeshapoteza maji. Kilichoota ukungu kwenye maungio ya vinundu hakiokolewi kwa kukata.

Ladha ni nzuri kweli, yenye utamu na harufu ya karanga. Kibichi hutafuna kama figili. Kikatwe vipande vyembamba mno, kiwekewe chumvi, ndimu na pilipili, kachumbari tayari. Kikikatwa huanza kuwa cheusi, basi tumbukiza vipande kwenye maji yenye kijiko kikubwa cha maji ya limau kwa kila lita.

Kuchemsha ndiko kunakoharibu wengi. Dakika ya 10 bado kigumu, dakika chache baadaye kimerojeka. Hakuna wanga wa kukishikilia, kwa hiyo kuponda peke yake kunatoa kitu cha majimaji. Changanya nusu kwa nusu na viazi mviringo. Kuoka ni bora zaidi: nusu kilo pamoja na maganda, vipande vya sentimita 3, vijiko viwili vikubwa vya mafuta, oveni nyuzi 200, dakika 35 hadi 40. Visibanane kwenye trei, la sivyo vitajipika kwa mvuke na ganda halitakauka.

Sasa tumbo, jambo ambalo lebo za dukani hulinyamazia. Inulini haimeng'enywi kwenye utumbo mwembamba. Inafika kwenye utumbo mpana ikiwa nzima, bakteria wanaichachua, na gesi inayotoka haina adabu. Anza na gramu 50 hadi 100, wala usiijaribu mara ya kwanza siku ya wageni. Kuchemsha dakika 15 kwenye maji yenye limau hupunguza shida, kwa kuwa tindikali na moto huvunja sehemu ya inulini kuwa fruktosi, yaani sukari ya matunda. Baridi nayo hufanya kazi hiyo polepole, ndiyo maana vya Januari ni vitamu kuliko vya Oktoba. Ambaye vitunguu na kitunguu saumu humvimbisha tumbo, na hiki kitamsumbua.

Hifadhi ni udhaifu mwingine. Ganda ni jembamba mno, na juu ya meza kinanyauka ndani ya siku chache. Kwenye friji, ndani ya mfuko pamoja na karatasi yenye unyevu kidogo, kinafika wiki mbili.

Mwenye bustani anunue mara moja tu: azike kila kiazi sentimita 10 hadi 15, nafasi ya sentimita 40, Machi au Aprili, kisha avune kidogo kidogo majira yote ya baridi. Kila kipande kilichosahaulika ardhini kitachipua mwaka unaofuata, na kumaliza shamba lililoenea ni kazi ya misimu. Kwa hiyo tenga kona yake, au tumia ndoo kubwa ya lita 30 yenye matundu chini.