Uzoefu wangu: seti ya mkono wa kadibodi ya kuwafundishia watoto jinsi mwili unavyojongea

Kwa muda wa miezi miwili nimekuwa nikitumia pamoja na wanangu wawili, wa miaka 8 na 11, seti ya kuunda kiunzi cha mkono na mguu kwa kadibodi. Ndani ya boksi mna vipande vigumu vilivyokatwa kwa umbo la mifupa, pini za kuunganishia, nyuzi nyekundu na za buluu, mirija myembamba na kijitabu cha maelekezo. Boksi linasema inafaa kuanzia miaka 6. Kwa maoni yangu mtoto wa umri huo ataishia kuchomwa na pini, kwa hiyo mtu mzima asikae mbali.

Kilichonifanya niithamini seti hii ni uzi. Mkono ukishaunganishwa, uzi mwekundu hupitishwa mbele ya mkono wa juu na kufungwa kwenye kigasha, yaani ile sehemu iliyo kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, na ukiuvuta kigasha kinapanda. Mdogo aliuvuta, akafurahi, kisha akataka kuunyoosha tena mkono uliokuwa umelazwa mezani, na njia iliyomjia kichwani ilikuwa kuusukuma uleule uzi. Uzi ukajikunja tu, mkono usitikisike. Alijaribu mara tatu, ndipo akaniuliza, "Baba, sasa nani anaurudisha?" Sikumjibu, kwa kuwa dada yake alikuwa tayari anapitisha uzi wa buluu upande wa nyuma.

Jambo hilo huwa gumu kulieleza kwa mchoro: misuli huvuta, haisukumi, na ndiyo maana hupangwa kwa jozi, mmoja ukikunja kiungo na mwenzake ukikinyoosha. Hata tunapousukuma mlango, ndani ya mkono kuna msuli unaovuta mfupa. Kijitabu kinamwelekeza mtoto aweke kiganja chini ya meza na kuinua kwa nguvu huku akijishika mkono wa juu kwa mkono mwingine, kisha aweke kiganja juu ya meza na kukandamiza. Mara ya kwanza msuli wa mbele ndio unaokuwa mgumu, mara ya pili ni wa nyuma. Wanangu walirudia zoezi hilo hadi wakachoka, nami nililifanya nao, kwani sikuwahi kujishika hivyo tangu nizaliwe.

Hata hivyo, seti ina kasoro ambayo mtengenezaji alipaswa kuiona. Tundu la kufungia uzi mwekundu limewekwa katikati ya kigasha, ilhali kano ya msuli halisi, yaani kamba inayounganisha msuli na mfupa, hushika mfupa sentimita chache tu kutoka kwenye kiwiko. Mtu anaweza kudhani ni jambo dogo, lakini somo zima la wenzo, yaani mti unaozunguka kwenye egemeo kama kiwiko, limo humo. Tulitoboa tundu jipya kwa msumari, sentimita 3 kutoka kwenye pini ya kiwiko badala ya 12, tukafunga kifutio kwenye kiganja na kuusimamisha mkono wima. Sasa kuuvuta uzi kidogo tu kulikirusha kiganja mbali, ila uzi ulikuwa mzito kuuvuta, karibu mara 4 ya mwanzo kwa hesabu ya wenzo. Hivyo ndivyo mwili ulivyochagua: msuli hujifupisha kidogo, mkono ukaenda mbali na kwa kasi, na gharama yake ni nguvu. Binti yangu alisema kwamba mwili umejipunja. Nilimwomba ajaribu kurusha kitu kwa mkono wenye tundu la katikati, akaona mwenyewe jinsi unavyojikokota.

Kasoro ya pili ni kiwiko chenyewe, ambacho kwa kuwa kimeshikwa na pini moja hukunjika mbele na nyuma bila kizuizi. Kiwiko cha mtu ni kama bawaba yenye mwisho: mfupa mmoja wa kigasha una ncha inayoingia kwenye shimo nyuma ya mfupa wa mkono wa juu, na hapo mkono husimama. Tulibandika kipande cha kadibodi kwa gundi, tatizo likaisha. Lisilotibika ni kwamba kigasha kimekatwa kama mfupa mmoja ilhali ni miwili, na mmoja huvuka juu ya mwenzake tunapogeuza kiganja kuangalia chini. Bega nalo, ambalo ni tufe ndani ya kikombe na huzunguka pande nyingi, haliwezi kuigizwa na kadibodi bapa, na ingekuwa heri kijitabu kikalisema hilo waziwazi.

Sehemu ya mguu ni dhaifu. Haina hata pia ya goti, na baada ya siku mbili ilirudishwa boksini.

Vidole, kinyume chake, vimefanywa vizuri kuliko nilivyotarajia. Vipande vya mrija hubandikwa kimoja baada ya kingine kwenye kiganja, uzi ukapita ndani yake hadi kwenye kigasha, na ukivutwa kule chini kidole kinajikunja huku juu. Ukishika kigasha chako huku ukichezesha vidole, utahisi misuli ikitembea chini ya ngozi, kwa sababu misuli mikuu inayokunja vidole haimo vidoleni. Ukurasa wa mwisho una mchezo usiohitaji hata kadibodi: kunja kidole cha kati, uegemeze kifundo chake mezani, ncha za vidole vingine zikigusa meza, kisha uinue kimoja kimoja. Gumba litainuka, cha shahada na cha mwisho pia. Cha pete kitakataa, kwa sababu kano zinazokinyoosha zimefungamana na za jirani yake aliyekunjwa. Mdogo alikitazama kidole chake kwa muda mrefu, kisha akakiinua kwa mkono wa pili na kusema kwamba uzi wake umekwama.