Mfupa uko sawa, mkono haunyanyuki

Nilianguka na bodaboda. Bega likagonga lami, shingo ikavutika upande wa pili, mkono wa kulia ukabaki unaning'inia. Daktari wa hospitali ya kwanza (siitaji, wanajijua) akainua picha ya eksirei kwenye mwanga, simu iko mkono wa pili anachati. "Mfupa uko sawa, kijana. Nenda ukachuliwe."

Hakunigusa! Hakuniambia nikunje kiwiko, hakuuliza kama kidole gumba kina ganzi. Eksirei inaonyesha mfupa, neva haionyeshi, hilo hata mimi fundi wa madirisha nalijua sasa. Rufaa sikupewa.

Basi tukachua. Mama na mafuta yake ya karafuu kila jioni, miezi inakatika, nyama ya bega inayeyuka tu.

Hospitali ya pili ndiko nilikopimwa misuli kwa umeme. Kati ya mizizi mitano ya neva inayotoka shingoni kwenda mkononi, miwili ya juu ilikuwa imekufa. Kipimo kile huanza kusomeka vizuri wiki 3 au 4 baada ya ajali, na upasuaji unatakiwa ufanyike ndani ya miezi 6 hivi, kwa sababu msuli uliokosa neva mwaka au mwaka na nusu haurudi tena. Neva yenyewe huota kama milimita 1 kwa siku. Piga hesabu kutoka shingoni hadi kiwikoni, uone yule bwana alinila nini.

Waliniwahi ukingoni. Wakachukua nyuzi chache za neva ya ulna, ile inayokwenda kidole cha mwisho, wakaziunga kwenye tawi la msuli unaokunja kiwiko. Muda mrefu kimya. Halafu siku moja mtu wa mazoezi ananiambia nikaze ngumi, kiwiko hicho kikajikunja chenyewe! Nilicheka kama mwehu. Hawa wape nyota zote, ingawa mapokezi yao wanajibu watu kana kwamba tumekuja kukopa.

Bega bado halinyanyuki vizuri.

Wale wa kwanza nilitaka kuwapa nyota moja, ya mlinzi wa getini aliyenisukuma kwenye kiti cha magurudumu. Nikasema pia labda daktari alichoka, foleni ilikuwa ndefu kweli. Lakini wodini nililala na dereva wa boda, mkono wake kama wangu, katoka kwa daktari huyo huyo na maneno hayo hayo: nenda ukachuliwe. Nyota naifuta. Mlinzi nitampelekea soda mwenyewe.