Shanga za Miyuki Delica mikononi mwa mtungaji

Kiswahili kinatumia kitenzi kimoja, kutunga, kwa shairi na kwa shanga, na mimi niliyetunga shanga kwa miaka mingi naona lugha haikukosea, kwa kuwa kazi zote mbili husimama juu ya mizani. Ushanga mmoja uliozidi unene huharibu safu kama silabi iliyozidi inavyoharibu mshororo. Kipimo hicho ndicho ninachokitumia kuzitathmini shanga za Delica, zinazotengenezwa na kampuni ya Miyuki ya Japani, ambazo nimezifanyia kazi zangu nyingi zenye michoro.

Shanga ndogo za kioo tulizozizoea ni za mviringo uliobonyea kidogo, ilhali hizi ni za umbo la mcheduara, kama kipande kifupi cha bomba, zenye kuta nyembamba na tundu pana. Zile za ukubwa wa 11 (namba ikikua, ushanga hupungua) zina kipenyo cha milimita 1.6 hivi, na tundu lake hukaribia nusu ya kipenyo hicho, kwa hiyo sindano namba 12 hupita na uzi wake mara tatu au nne bila kulazimishwa. Bangili yangu ya mwisho, yenye upana wa shanga 30 na urefu wa sentimita 16, ilimeza shanga zipatazo 3,000, yaani gramu 15 hivi. Katika bangili ya namna hiyo, shanga za upande mmoja zikizidi zile za upande wa pili kwa sehemu moja tu ya kumi ya milimita, baada ya shanga 100 tofauti inafika sentimita nzima, na kazi inajikunja kama jani lililokauka. Yangu ilitulia mezani ikiwa bapa, kingo zimenyooka, na ule mchoro wa pembetatu nilioupanga kwanza kwenye karatasi ya miraba ukatokea vilevile nilivyouona akilini. Furaha ya saa hiyo ndiyo inayonirudisha kwenye sindano kila jioni.

Hata hivyo, usawa huo una mipaka yake. Kwa kidani kinachozunguka shingo, au kamba nene ya kusokota, mimi hurudi kwenye shanga za mviringo, kwa sababu mabega yao huteleza na kupinda pamoja na uzi, wakati mcheduara hutaka kusimama wima kama tofali. Kingo za mcheduara pia ni kali kuliko za mviringo, nami hutumia uzi imara uliosukwa badala ya uzi mwembamba wa nailoni.

Kuhusu rangi nina mengi ya kusema, kwani hapo ndipo moyo wangu ulipo. Kila rangi ya Delica ina namba yake, jambo linalomwezesha mtungaji aliyeishiwa katikati ya kazi kuagiza rangi ileile. Zile zinazopitisha mwanga hubadilika kufuatana na uzi: nyekundu iliyopitishwa uzi mweupe huwaka, na ikipitishwa uzi mweusi huzama hadi kuwa rangi ya damu ya mzee. Mimi hutunga kipande kidogo cha majaribio kwa kila uzi, nikakitazama kwenye taa na kwenye jua, kabla sijaamua. Rangi zilizopakwa juu ya kioo zinahitaji tahadhari zaidi, awe mtengenezaji yeyote. Niliwahi kumtungia dada yangu kidani cha shanga za waridi, za chapa nyingine, na baada ya miezi michache sehemu iliyogusa ngozi ikawa nyeupe; nilikifumua chote na kukitunga upya, naye alikaa kando yangu akinichambulia shanga moja moja. Tangu hapo kila rangi mpya hukaa kwanza dirishani, nusu imefunikwa na nusu inapigwa na jua, kwa wiki kadhaa.

Kwa anayeanza michoro bapa, ningemshauri anunue rangi tatu zinazotofautiana waziwazi, gramu 5 za kila moja, za ukubwa wa 11, na aziache zile ndogo za 15 mpaka vidole vyake vizoee kuhesabu bila macho.