Karabai ya zamani: taa safi, muuzaji wa hovyo

Sijui niwape nyota ngapi. Nikiitazama taa, tano. Nikikumbuka kioo, natafuta nyota zilizo chini ya sifuri.

Nakusanya taa za kambi za zamani, hasa karabai, zile taa za mafuta za kupampu, za Petromax zilizotoka kiwanda cha Ehrich & Graetz kule Berlin. Hii nimeinunua mtandaoni juzijuzi. Nikeli yake ilikuwa ya asili, na kioo kilikuwa kilekile cha zamani chenye chapa ya Jena, mji wa Ujerumani unaosifika kwa vioo. Picha ya chapa hiyo ndiyo iliyonitoa pesa mfukoni. Bila hiyo ningepita zangu.

Sasa sikieni alivyofunga mzigo. Kioo kakiacha humohumo ndani ya taa! Kazungushia magazeti kwa nje, tangi bado lina mafuta, halafu juu ya boksi kaandika "BEBA KWA UANGALIFU". Uangalifu wa nani, kama yeye mwenyewe hana? Nilipoliinua boksi likaniitikia kama kayamba. Vipande vilikuwa vimeichubua nikeli njia nzima, na magazeti yamelowa mafuta ya taa chapachapa.

Nikamwandikia. Jibu lake: "Bosi, kioo si taa. Taa umepata." Na kikatuni cha kucheka juu yake.

Jamani! Kioo cha Jena si kioo cha dirisha. Kilitengenezwa kustahimili joto, kazi iliyoanzia kwa mkemia wa vioo Otto Schott mwishoni mwa karne ya 19. Soksi ya karabai, kile kifuko cha wavu kinachong'aa, ikitoboka hata kidogo, mwali hupenya kwenye lile tundu na kukichoma kioo mahali pamoja, na hapo ndipo vioo vya bei rahisi hupasuka. Nitapata kingine, ndiyo. Cha zamani, chenye chapa, cha taa ileile? Thubutu.

Nikamwandikia tena, kwa adabu zote, ndugu muuzaji, tafadhali, nirudishie japo nusu. Kimya. Baadaye sana: "Vitu vya zamani huvunjika, ndiyo maana vimebaki vichache." Nilikasirika hadi nikacheka.

Ila haki yake nimpe. Ngozi ya pampu ilikuwa laini, imepakwa mafuta, wakati wauzaji wengi hukuletea imekauka na haisukumi hewa hata kidogo. Sindano ya kuzibulia tundu la mafuta ilipanda na kushuka bila kukwama. Nikaazima kioo cha taa nyingine, nikafunga soksi mpya, nikapasha kwa spiriti, nikapampu. Ikavuma na kuwaka mweupe kabisa, na mshale wa geji ukatulia palepale. Nimeshanunua taa kwa watu waungwana ambazo hazijawahi kuwaka hivi.

Na hapo ndipo hasira inaporudi. Mtu anayejua kulainisha ngozi ya pampu anajua fika kwamba kioo hutolewa kikafungwa peke yake. Huo si ujinga, ni dharau! Nilikuwa nimeandika nyota tatu, nashusha moja.

Tatizo ameshaweka nyingine sokoni, Tilley ya Uingereza, kioo kizima, haijachubuka popote. Nimemuuliza ataifungaje. Ameusoma ujumbe, hajajibu.