lme4, lmerTest na pbkrtest: vifurushi vitatu vya R mbele ya takwimu za mwani wa Pemba

Kwa misimu miwili nimepima uzito wa mwani mbichi katika shehia sita za Wilaya ya Micheweni, tatu zikipanda kwenye kina kifupi na tatu kwenye kina kirefu, na uchambuzi wote nimeufanya kwa vifurushi vitatu vya R, lugha ya kompyuta ya takwimu, vinavyopatikana bure. Lau kila shehia ingebaki na kamba zake 30 za mwani, modeli yangu mseto, inayozingatia kuwa kamba za shehia moja hufanana, ingekuwa na jibu kamili, yaani jaribio la F lenye digrii 4 za uhuru (kiasi cha taarifa huru kinachobaki baada ya makadirio), kwa kuwa kinacholinganishwa ni shehia na wala si kamba. Kusi lilipovuma lilizoa kamba nyingi, idadi zikapishana, na jibu kamili likaondoka nazo.

Kifurushi cha lme4 hutoa thamani ya t, yaani tofauti iliyogawanywa kwa kosa lake sanifu (kipimo cha shaka yake), kisha hunyamaza. Hakitoi p, yaani uwezekano wa kupata tofauti kubwa kama hiyo lau kina hakina athari, na huo ni uamuzi wa makusudi wa waliokitunga. Mwanzoni ukimya huo uliniudhi. Pengo hilo lmerTest hulijaza kwa njia ya Satterthwaite ya mwaka 1946, inayokadiria digrii za uhuru. Anayetaka njia ya Kenward na Roger ya mwaka 1997, ambayo hurekebisha pia makosa sanifu, huomba kwa neno moja tu na pbkrtest ndiyo hufanya hesabu. Kwangu t ilikuwa 2.3. Ukiisoma kwa mtawanyo wa kawaida, p ni 0.02, ukiisoma kwa digrii zinazokaribia 4, ni 0.08, na kwa tofauti hiyo mtu mwenye haraka angekwisha kuwashauri akina mama wa mwani wasingoje tena bamvua, wakakodi ngalawa na kupanda kwenye kina kirefu.

Lawama yangu kwa lmerTest ni kwamba inaurahisisha mno mwisho wa safari. Jina la Satterthwaite limeandikwa juu ya matokeo, lakini ni mstari mmoja, nao ndio wa kwanza kukatwa jedwali linapohamishiwa kwenye tasnifu, hivyo kadirio husomwa kama hesabu kamili. Jaribio la uwiano wa uwezekano, linalolinganisha modeli yenye tofauti ya kina na isiyo nayo, nalo nililiacha, kwani kwa makundi sita huwa jepesi mno kukubali kuwa tofauti ipo.

Njia niliyoiamini zaidi ni butstrapu ya pbkrtest, ambayo hubuni data upya mara 1,000 kwa kufuata modeli isiyo na tofauti ya kina, kisha huangalia matokeo yangu yanaangukia wapi. Inataka subira na umeme usiokatika; mara mbili ulikatika na nikaanza upya. Onyo kwamba tofauti baina ya shehia imekadiriwa kuwa sifuri lilijitokeza katika baadhi ya data hizo za kubuni, jambo la kutarajiwa kwa makundi machache hivyo. Katika ripoti nimeweka Kenward na Roger jedwalini, butstrapu pembeni yake, na jina la njia juu ya kila safu.