Baada ya Attack on Titan: anime za giza zinazostahili bando lako

Ukimaliza Attack on Titan, ile anime (katuni ya Kijapani) ya majitu yanayokula watu, ukaomba watu wakupe nyingine kama hiyo, mara nyingi utapewa damu. Vichwa vinaruka, mapepo yanatafuna watu, na kufika episodi ya tatu unapiga miayo. Kilichokushika si damu. Ni kule kufika mahali hujui tena umwombee nani ashinde. Kipimo hicho ndicho nilichotumia kupanga hapa, na ndiyo maana jina moja kubwa liko karibu na mkiani.

Kuhusu gharama: episodi moja ni kama dakika 24, na unailipia kwa bando, kwa usajili na kwa usingizi. Kabla hujalipia huduma yoyote, itafute kwanza anime yenyewe humo ukiwa katika nchi unayoishi, maana orodha inayoonekana Kenya si lazima iwe ile ya Marekani hata kama huduma ni ileile. Ukiiona ipo, lipia mwezi mmoja, ipakue penye Wi-Fi, itazame, kisha sitisha.

Namba moja kwangu ni Monster, na sioni ya kuikaribia. Episodi 74, karibu saa 30, zilizotengenezwa na studio ya Madhouse mwaka 2004 na 2005 kutokana na manga (kitabu cha hadithi za picha) ya Naoki Urasawa. Hakuna pepo wala uchawi. Yuko daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, Kenzo Tenma, Mjapani anayefanya kazi Düsseldorf, Ujerumani, mwaka 1986. Siku moja anaamriwa amwache kibarua wa Kituruki aliyefikishwa hospitali mapema, akampasue mwimbaji maarufu. Kibarua anafariki, na mjane wake anakuja kumuuliza daktari kwa nini. Basi safari nyingine, wanapoletwa mtoto aliyepigwa risasi kichwani na baadaye meya wa mji, Tenma anakataa amri na kumwokoa mtoto, kwa sababu alikuwa wa kwanza kufika. Amefanya lililo sawa kabisa. Miaka tisa baadaye anagundua mtoto yule amekuwa muuaji.

Hapo ndipo Monster inapokubana. Ukisema Tenma alikosea, umekubali kwamba roho ya meya ni ghali kuliko ya mtoto. Ukisema hakukosea, basi waliouawa utawaeleza nini? Hadithi haina haraka; kuna episodi nzima Tenma haonekani, tunakaa na watu wa kawaida tu waliopitiwa na balaa hilo. Wengine huchoka katikati. Mimi episodi hizo ndizo ninazozikumbuka zaidi.

Ya pili, Vinland Saga, misimu miwili ya episodi 24 kila mmoja, 2019 na 2023. Wa kwanza ni wa Waviking, kisasi na mapanga: kijana Thorfinn anamtumikia Askeladd, mtu aliyesababisha kifo cha baba yake, akingoja siku ya kumuua. Wa pili unamkuta ni mtumwa shambani Denmark, akikata miti na kung'oa visiki, akiota waliokufa kwa mkono wake. Wapenda vita waliulalamikia sana. Nadhani ni bora kuliko wa kwanza: ni anime chache zinazomwacha muuaji akae na alichokifanya bila kumharakisha apate msamaha.

Psycho-Pass naiweka ya tatu, ila msimu wa kwanza tu, episodi 22 za mwaka 2012 hadi 2013. Mtambo unapima akili ya kila raia na kusema nani ataleta uhalifu. Bunduki ya polisi haifyatuki mpaka mtambo ukubali. Katika episodi ya kwanza, mwanamke aliyetekwa na kuteswa anapandiwa na kipimo chake kwa sababu ya hofu, na bunduki inamgeukia yeye. Askari mpya, Akane, ndiyo kwanza siku yake ya kwanza kazini. Ukiona hiyo moja utajua kama ni yako.

Shin Sekai Yori, episodi 25, inaanza polepole mno na picha zake hazikuvutii mara moja. Kijiji kizuri miaka elfu moja ijayo, watoto wenye nguvu za ajabu, na kila mara mtoto mmoja darasani hayupo tena na hakuna anayeuliza. Vumilia hadi mwisho, kisha ujaribu kusema nani alikuwa binadamu.

Death Note? Kama hujaiona, itazame, episodi 37 zinaenda mbio. Ila Light Yagami, mwanafunzi aliyeokota daftari linaloua kila anayeandikwa jina humo, anaoza mapema sana. Baada ya muda swali linakuwa atakamatwa vipi, si kama ana haki, na baada ya episodi ya 25 kamba inalegea.

Bando likiwa dogo mwezi huu, ipo Puella Magi Madoka Magica, ya mwaka 2011, episodi 12 tu. Inaonekana katuni ya wasichana wenye riboni. Itazame watoto wakishalala.