Fimbo namba 9 kwanza: vifaa vya kuanzia kuvua baharini kwa chambo cha manyoya

Kama fedha zako ni za kubana, tenga kwanza za mshipi, kisha za rili (gurudumu la kukunjia mshipi), ndipo ufikirie fimbo. Dukani macho huvutwa na fimbo, lakini katika uvuvi huu chambo ni kishungi cha manyoya kisicho na uzito wa kurushika. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, mnene na mzito, nacho chambo hufuata nyuma. Mshipi uliotengenezwa kwa maji ya baridi hulainika kwenye joto la Mombasa au Mafia, ukanata kwenye pete za fimbo na usiende popote. Tafuta uliotengenezwa kwa bahari za joto, wa kuelea, wenye namba sawa na fimbo yako; namba hiyo huonyesha uzito wa mshipi, na kadiri inavyopanda ndivyo fimbo inavyokuwa na nguvu.

Kwa fimbo, nazipanga hivi kwa pwani yetu.

Ya kwanza ni namba 9, urefu wa futi 9, ya vipande vinne. Sababu ni upepo. Kusi ikishika, fimbo nyepesi haipenyezi mshipi, na chambo humrudia mvuvi mgongoni. Namba 9 ina nguvu ya kumgeuza kolekole wa kilo kadhaa kabla hajaingia kwenye matumbawe, na bado mkono wa mwanafunzi utaihimili asubuhi nzima.

Ya pili ni namba 8. Kama utavulia kwenye mikondo ya mikoko iliyojikinga na upepo, au wakati wa matlai, ningeiweka ya kwanza bila kusita. Ni nyepesi na hufundisha kurusha vizuri zaidi.

Ya tatu ni namba 10, ya kwenye boti, kwa nguru na jodari wadogo. Ni fimbo nzuri, ila humchosha anayeanza, na mkono uliochoka hujifunza makosa.

Namba 5 au 6, zile za trauti wa mito ya Aberdare na Mlima Kenya, ziache huko huko milimani. Samaki wa baharini atazishinda, na rili nyingi zinazoendana nazo hazikutengenezwa kustahimili chumvi.

Kwenye rili usibane mkono. Kolekole akishika hukimbia kuelekea mwambani, na breki ikikwama hata kidogo, mshipi unakatika. Taka breki iliyofungwa isiingie maji wala mchanga, na nafasi ya kutosha mita 180 hivi za uzi wa akiba chini ya mshipi. Lamson Liquid ni mfano mzuri wa rili isiyo na mapambo yenye breki ya namna hiyo. Ukitoka baharini isuuze taratibu kwa maji yasiyo na chumvi, maana maji ya kasi husukuma chumvi ndani, kisha legeza breki kabla ya kuiweka.

Asiyetaka kuunganisha kimoja kimoja anunue seti kamili ya bahari ya joto. Kampuni ya Redington inayo yenye fimbo, rili na mshipi unaolingana. Kwangu seti ya aina hiyo inashinda fimbo ya bei kubwa iliyofungwa mshipi wa ovyo. Mtumba nao unafaa ukikagua pete zisiwe na kutu na maungio yasiwe na nyufa.

Vyambo vichache vinatosha. Anza na Clouser Minnow, nyeupe na kijani, ndoana namba 1/0. Mbunifu wake, Bob Clouser wa Pennsylvania, Marekani, alikifunga chambo hiki macho mazito ya metali yanayokipindua ndoana ikae juu, hivyo hainasi ovyo mwambani. Kwa nguru na mzia ongeza waya wa sentimita 15 kati ya chambo na nailoni inayokiunganisha na mshipi, kwa sababu meno yao hukata nailoni mara moja. Bana kwa koleo chembe ya ndoana, ule mwiba wake wa kurudi nyuma: ndoana hutoka kirahisi kwa samaki, na kwa sikio lako pia.

Miwani inayokata mng'ao wa maji, yenye kioo cha rangi ya shaba, ni ya lazima. Bila hiyo humwoni samaki, na ndoana ikipeperushwa na upepo jicho halina kinga. Viatu viwe vya soli ngumu, na kwenye maji haba uburute miguu ili samaki aina ya taa akusikie na aondoke. Kabla ya kurusha, uliza mipaka: ndani ya hifadhi za taifa za baharini za Malindi na Watamu hairuhusiwi kuvua kabisa, hata ukimrudisha samaki majini.